Xvive U2 na wenzake: wayalesi za bei nafuu kwa wapiga gitaa na waimbaji wa kwaya zetu

Nianze na jibu ili mwenye haraka aondoke nalo. Kama unapiga gitaa au besi kwenye kwaya au kwenye kabendi ka mtaani na una kahela kadogo ka kuondoa waya, anza na vile vidude viwili vya wayalesi vya masafa ya 2.4 GHz vinavyochomekwa moja kwa moja kwenye jeki, na kwa bei yake ningekushauri Xvive U2. Maiki za wayalesi zisubiri. Na zile seti za maiki nne kwenye boksi moja zinazouzwa bei ya kutupa, hizo achana nazo kabisa, nitaeleza mbele kwa nini.

Mimi napiga besi kwenye kwaya hapa Dar na mara moja moja nashika solo na washkaji kwenye harusi na send-off, kwa hiyo haya nayasema kama mtu wa jukwaani, sio muuzaji. Na kwenye kwaya zetu waya sio suala la urembo. Kwaya zetu zinacheza jamani. Waimbaji wamejipanga mistari mitatu, stepu zinaenda kulia kushoto, ikifika sebene mpiga solo anataka kutoka mbele na watu wanataka aje mbele, sasa hapo chini kuna waya wa solo, waya wa ridhimu, waya wa besi, waya za maiki, ekstensheni ya kinanda, na kila mguu unaopita unakanyaga. Kinachokufa kwanza huwa ni jeki, inaanza kukoroma ukiigusa, halafu inakata katikati ya wimbo. Hela tunayomaliza kwa mwaka kwa kununua na kuunga waya ukiijumlisha unakuta sio ndogo hata kidogo.

Sasa U2 yenyewe. Ni vidude viwili vinavyofanana, vidogo, kimoja transmita unachomeka kwenye gitaa na kingine risiva unachomeka kwenye ampu, au kwenye peda (vile vidude vya mguuni vya kubadilisha sauti), au kwenye di-ai boksi (kile kiboksi cha kuunganisha gitaa na miksa) kama unaenda miksa moja kwa moja. Shingo ya jeki inazunguka kwa hiyo inaingia kwenye gitaa nyingi, zile zenye tundu ubavuni na hata zile zenye tundu juu lililozama. Ina chaneli 4, unabonyeza kitufe pande zote mbili mpaka zifanane, basi, hakuna menyu wala programu ya simu. Betri iko ndani, ni lithiamu, kampuni inasema saa 5, umbali mita 20 na kitu bila kizuizi. Waya wa kuchajia una vichwa viwili, unachaji vyote kwa pamoja kwenye chaja ya simu au pawabenki. Bei yake ya nje inazunguka dola 130 hadi 150, ikifika huku inapanda kidogo kutegemea na njia iliyopitia.

Sauti ndo kilichonishangaza kwa uzuri. Inasafirisha kidijitali, 24-bit kwa 48 kHz, yaani kwa ubora unaozidi kidogo wa CD, hakuna ule mvumo wa hewa wa redio za zamani na haibani sauti kama maiki za wayalesi za bei rahisi zinavyobana, yaani kwa besi unapata nyuzi ya E ya chini imejaa kama kawaida. Kwa solo utasikia gitaa imekuwa na trebo (ile sauti ya juu, kali) zaidi kidogo kuliko ulivyozoea. Sio ubovu huo. Waya mrefu wa kawaida una tabia ya kula trebo ya pikapu (zile sumaku za gitaa zinazonasa mlio wa nyuzi), na kadiri unavyokuwa mrefu ndivyo unavyokula zaidi, kwa hiyo mtu aliyezoea waya wa mita 6 au 10 akiutoa anakutana na gitaa lake lilivyo kweli. Rudisha tu toni kidogo kwenye gitaa au kwenye ampu. Wapiga sebene wengi nadhani watafurahi kwa sababu ile sauti ya solo kali inayokata juu ya ngoma na kinanda ndo wanaitafuta siku zote, na hapa inakuja bila kuongeza kitu.

Watu huwa wananiuliza sana kuhusu kuchelewa kwa sauti, kama ukipiga nyuzi inasikika baadae. Kila mtambo wa kidijitali unachelewesha kidogo, U2 inatajwa kuwa chini ya milisekunde 6 (milisekunde ni sehemu moja ya elfu ya sekunde). Ili ujue hiyo ni kiasi gani, sauti hewani inakwenda kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo kila mita moja ni karibu milisekunde 3. Maana yake milisekunde 6 ni sawa na kusimama mita mbili kutoka kwenye ampu yako. Kanisani mpiga dramu yuko mbali na wewe kuliko hapo na mnapiga pamoja kila Jumapili bila shida, kwa hiyo mimi sioni haja ya mtu kukosa usingizi kwa ajili ya hilo.

Ila Bluetooth ni habari nyingine kabisa na hapa naomba niseme kwa msisitizo kwa sababu nakutana na vijana wanataka kuchomeka kidude cha Bluetooth kwenye gitaa, au mwimbaji anataka kujisikiliza kwa zile hedifoni ndogo za simu zisizo na waya. Bluetooth ya kawaida inachelewa milisekunde 100, 200, wakati mwingine inapita hapo. Chukua wimbo wa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, pigo moja ni milisekunde 500, robo ya hilo pigo ni 125. Sasa sauti ikichelewa 200 umeshapitwa na noti nzima ya sebene na zaidi, utapiga kitu kimoja na kusikia kingine. Kusikiliza mziki sawa, kuangalia video sawa maana simu inasubirisha picha ili ifuatane na sauti, kupiga ala hapana. Ukienda dukani usiulize tu kama ni wayalesi, uliza ni ya masafa gani na inachelewa kiasi gani, muuzaji akikujibu "inaunga na simu" jua hiyo sio yenyewe.

Turudi kwenye 2.4. Uzuri wa haya masafa ni kwamba yako huru karibu dunia nzima, huhitaji kibali, ndo maana ukinunua Dubai au China inafanya kazi Dar, Mombasa, Bujumbura, popote. Na tatizo lake ni hilo hilo la kuwa huru, kila mtu yuko humo, waifai iko humo, Bluetooth iko humo, hotspoti za simu za waumini ziko humo. Kanisani kwetu tunarusha ibada mubashara kwa hiyo kuna ruta pembeni ya miksa, na risiva za gitaa nazo watu wanataka kuzipanga pale pale kwenye miksa, hapo ndo mikwaruzo inapoanza. Dawa yake ni rahisi: hamisha waifai ya kurushia iende 5 GHz kama ruta yenu inayo, na nyingi za sasa zinayo, halafu sogeza ruta mita kadhaa mbali na risiva. Hotspoti za simu za wanakwaya zizimwe wakati wa kuimba. Hiyo peke yake inamaliza sehemu kubwa ya kesi.

Kitu kingine ni mwili wa mtu. Mawimbi ya 2.4 yanamezwa na maji na sisi binadamu tumejaa maji, kwa hiyo mistari mitatu ya waimbaji ikisimama kati yako na risiva ni ukuta kabisa. Umbali wa mita 20 ulioandikwa kwenye boksi ni wa sehemu wazi, ndani ya kwaya inayocheza uhesabu nusu yake na usilalamike. Na watu wanachomeka risiva nyuma ya ampu, kwenye sakafu, imefichwa na spika na chuma, halafu wanasema kifaa kibovu. Nunua kipande kifupi cha waya wa jeki cha kike na kiume, risiva itoke pale nyuma ikae juu ya ampu au kwenye stendi usawa wa kichwa ikuone. Kidogo tu hicho na utofauti wake utausikia siku hiyo hiyo. Kama mko watatu, solo ridhimu na besi, kila mtu chaneli yake na zipangwe nyumbani kabla, sio watu wanahangaika na vitufe mchungaji keshashika maiki. Chaneli 4 zilizoandikwa sio lazima upate seti 4 zikitulia kwenye ukumbi uliojaa simu, mimi ningeishia 3.

Betri sasa. Kwa ibada ya kawaida saa 5 zinatosha na zinabaki. Mkesha hazitoshi. Mkesha unaoanza saa 3 usiku mpaka saa 11 alfajiri ni saa 8, piga hesabu mwenyewe. Tunachofanya ni kuchaji wakati wa neno, mhubiri akisimama tu vidude vinaenda kwenye pawabenki, kwa sababu mahubiri ya mkesha hayapungui saa moja, ukirudi kuimba umeshapata cha kumalizia. Lakini waya wa kawaida mmoja mzima uwe kwenye begi, hilo halina mjadala. Na ujue betri ya ndani haibadilishwi kama betri za tochi, ikichoka baada ya miaka ni fundi afungue, kwa hiyo usiiache imekufa chaji miezi halafu ukategemea itaamka vizuri. Haina kioo cha kuonyesha asilimia, ni taa tu, basi jizoeshe kuchaji Jumamosi jioni.

Kama mfuko unaruhusu kupanda kidogo kuna Boss WL-20, ya dola 200 hivi. Yenyewe inachelewa milisekunde 2.3, unaichomeka transmita kwenye risiva sekunde chache zinajitafutia chaneli nzuri zenyewe, na betri inafika kama saa 10, yaani ule mkesha unamalizika bila kuchaji. Imewekewa pia mfano wa kile kinachofanywa na waya, kwa hiyo gitaa linasikika kama ulivyolizoea, na kama hutaki hicho kitu, tuseme unatumia akustiki, kuna WL-20L isiyokuwa nacho. Umbali ni kama mita 15. Line 6 Relay G10 nayo ni nzuri, inachelewa chini ya milisekunde 3, transmita inachajiwa kwa kuikalisha kwenye risiva, ila risiva yake haina betri, inataka umeme wa USB muda wote, na kwa mtu anayehama hama viwanjani kwenye mikutano ya injili hicho ni kitu kimoja zaidi cha kubeba na kusahau. Ningekuwa na hela ya WL-20 ningeinunua bila kujiuliza, lakini kwa hela ya WL-20 mbili kikundi kinakaribia kupata U2 tatu, na wapiga gitaa watatu walio huru ni bora kuliko wawili.

Halafu kuna zile zisizo na jina. Kariakoo zipo, kwenye mitandao ya kuagiza zipo tele, kuanzia laki moja na kitu mpaka laki mbili, umbo ni lile lile la U2 na boksi limeandikwa maneno makubwa. Nimepiga na baadhi. Ipo iliyofanya kazi vizuri kabisa na ipo iliyokuwa na mlio mwembamba kama wa mbu kila nikiacha kupiga, hasa kwenye besi yenye betri ndani, na nikihamia gitaa lisilo na betri mlio haupo. Kwa hiyo ushauri wangu kwa hizo ni mmoja: usinunue bila kubeba ala yako. Nenda na gitaa lako dukani, chomeka, pandisha voliumu, nyamaza sekunde kadhaa usikilize kimya chake, halafu tembea mpaka mlangoni ugeuke umpe mgongo risiva. Muuzaji anayekataa usijaribu, muage vizuri uondoke. Ukiagiza kutoka China ongea na wakala wa mizigo mapema kwamba ndani kuna betri ya lithiamu, maana mzigo wa ndege wenye lithiamu una masharti yake na wengine hawaupokei kabisa, usije ukalipia kitu kikakaa ghala miezi.

Maiki. Hapa ndo hela za vikundi vingi zinapotea na naumia nikiona, kwa sababu ni hela za michango ya watu wenye kipato cha kawaida kabisa. Zile seti za maiki nne za bei ya kutupa nyingi zina masafa yaliyofungwa, huwezi kubadilisha, na viwanda vinatoa maelfu zenye masafa yale yale. Kanisa la jirani likinunua seti kama yenu mnaanza kupokea ibada yao kwenye spika zenu, na wao ya kwenu. Hii imetokea mtaani kwetu, watu wakakimbilia kuombea, kumbe ni megahezi. Pili, kapsuli iliyomo ndani yake, ile sehemu inayonasa sauti, ni ya chini, inaanza kupiga mluzi kwenye spika haraka ukipandisha, sauti za soprano zinatoboa masikio na za besi hazipo. Tatu zinakula betri kwa kasi na betri ikishuka kidogo tu inaanza kukata maneno.

Na kuna jambo la masafa ambalo wauzaji hawalisemi. Zamani maiki nyingi zilikuwa zinakaa kwenye mapengo ya matangazo ya TV. Tanzania ilianza kuzima TV za analojia tarehe 31 Desemba 2012 hapa Dar, Kenya ikafuata 2015, na kwa nchi zetu eneo la 694 mpaka 790 MHz likafunguliwa kwa mitandao ya simu. Maiki iliyoandikwa 700 na kitu leo inagombania nafasi na 4G na kisheria mwenye nafasi ni kampuni ya simu, sio wewe. Mitumba kutoka Ulaya na Marekani inakuja na masafa hayo hayo kwa sababu wao pia wameyaacha, ndo maana zinauzwa rahisi. Geuza maiki, soma namba chini ya kishikio. Ukiona 500 na kitu mpaka chini ya 694 na inaweza kubadilisha chaneli, hapo mnaweza kuongea bei.

Njia ninayoipenda mimi ni kutokununua maiki mpya kabisa. Vikundi vingi tayari vina maiki nzuri za waya, na Shure SM58 iliyopo sokoni tangu 1966 bado ndo inabeba waimbaji dunia nzima, ilimradi iwe ya kweli, maana feki ni nyingi, ya kweli ina gramu 298 na feki nyingi ukizishika ni nyepesi. Sasa Xvive wana kitu kinaitwa U3, transmita unaichomeka kwenye mkia wa maiki yako uliyonayo na risiva unaichomeka kwenye miksa. Chaneli 6, chini ya milisekunde 5, saa 5 za betri, karibu dola 200. Sauti inabaki ile ya maiki yako. Ni kwa ajili ya maiki za dainamiki, zisizohitaji umeme, kama hiyo 58, haitoi umeme wa fantomu, yaani ule unaotoka kwenye miksa kuiwasha maiki, kama una maiki ya kondensa, inayouhitaji, kuna U3C kwa kazi hiyo. Lazima niseme pia kwamba maiki inakuwa ndefu na uzito unakwenda mkiani, mwimbaji aliyezoea kushika chini kabisa atakuwa anashika transmita na kuifunika kwa kiganja, na tumeshaona mwili wa mtu unafanya nini kwa 2.4. Mfundishe ashike juu. Na mpe mtu mmoja tu, kiongozi anayetembea, wale wa kuitikia wabaki na waya na stendi zao kwa sababu hawaendi popote.

Kidogo tu kuhusu vile vimaiki vya kubana shatini vinavyochomekwa kwenye simu, vile vya elfu ishirini thelathini. Kwa mahojiano na kurekodi mtu anaongea vinafaa sana kwa hela yake. Kurekodi gitaa au kwaya, hapana, vingi vina kipunguza kelele ndani ambacho hakijui mziki, kikisikia nyuzi inalia kwa muda kinadhani ni feni na kuanza kuimeza. Kama chako kina kitufe cha kuzima hicho kitu, zima kwanza.

Sisi tunachochangia sasa hivi ni monita za masikioni, Xvive U4, kwa ajili ya mpiga dramu na mpiga kinanda ambao hawasikii chochote wakikaa nyuma ya spika. Nayo ni 2.4, chini ya milisekunde 5, na uzuri wake ni kwamba transmita moja inaweza kulisha risiva zaidi ya moja, kwa hiyo mnanunua seti moja halafu mnaongeza risiva hela ikipatikana. Ila ni mono, yaani masikio yote mawili yanapata sauti ile ile, na wote wanaosikiliza transmita ile wanapata mchanganyiko mmoja, kwa hiyo mpiga dramu anayetaka besi nyingi na mpiga kinanda anayetaka sauti za waimbaji inabidi wakae waelewane kabla, au mtoe oksi (njia za miksa za kutolea mchanganyiko wa pembeni) mbili kwenye miksa na kununua transmita mbili. Miksa yetu ina oksi mbili na moja tayari inalisha spika ya waimbaji, kwa hiyo tumekubaliana mpiga dramu ndo apange mchanganyiko, wa kinanda atavumilia mpaka tubadilishe miksa.